Kinachofubaza Sarafu ni Pale Inapolala

Katika nyumba nyingi za Unguja, Lamu na Mombasa, na hata huko bara kwa familia zilizofanya biashara tangu enzi za misafara, bado zipo sarafu za zamani zilizofungwa kwenye kitambaa au kutumbukizwa ndani ya kopo: reali ya Maria Theresa, rupia ya Wajerumani, pesa ya shaba ya Sultani Barghash, shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba. Anayezirithi huzikuta zimeingia weusi au zimeota unga wa kijani, na jambo la kwanza analosema ni kwamba zimezeeka. Kauli hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayozaa makosa mengine yote. Kama umri ndio unaofubaza sarafu, basi hakuna cha kufanya isipokuwa kusubiri ifubae kisha kuisugua. Kama kinachoifubaza ni hewa, unyevu na kifuko ilimowekwa, basi mwenye sarafu ana kazi ya kufanya leo, na kazi yenyewe ni rahisi kuliko kusugua. Ushahidi wote wa kemia na wa makumbusho uko upande huu wa pili. Sarafu mbili zilizopigwa siku moja kwa muhuri mmoja zinaweza kuachana kabisa: moja ikabaki inang'aa baada ya miaka mia, nyingine ikaharibika kwa msimu mmoja wa mvua, na tofauti yao yote ikawa ni mahali zilipolala.

Tuanze na fedha, maana ndiyo inayobadilika rangi upesi na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Fedha haili kutu kama chuma, na oksijeni ya kawaida haiisumbui. Adui wake ni salfa. Gesi ya haidrojeni salfaidi ikiifikia, hata kwa kiasi ambacho pua haikinusi, huungana nayo na kufanya salfaidi ya fedha, ambayo ni nyeusi. Mtu wa pwani anaijua gesi hiyo bila kuambiwa jina lake: maji yanapokupwa kwenye mikoko, yale matope yanayobaki wazi hutoa harufu ya yai viza, na harufu hiyo ndiyo yenyewe. Hutoka pia kwenye mitaro ya maji machafu na mashimo ya vyoo. Utando wa salfaidi huanza ukiwa mwembamba mno. Mwanga unaorudishwa na uso wa utando hukutana na ule unaorudishwa na fedha iliyo chini yake, baadhi ya rangi zikafutana na nyingine zikapata nguvu, kama inavyotokea kwa mafuta ya gari yanayoelea kwenye dimbwi. Ndiyo maana sarafu ya fedha hupitia kwanza manjano hafifu, kisha rangi ya zambarau nyekundu, kisha buluu, ndipo ifikie kijivu na weusi. Anayeujua mfuatano huo anaweza kuisoma sarafu yake: manjano kwenye ukingo yanamwambia kuwa kazi imeanza na bado ana muda, buluu iliyokolea inamwambia kuwa muda unakwisha.

Unyevu ndio unaoharakisha yote hayo. Hewa yenye unyevu mwingi huacha juu ya metali tabaka la maji lisiloonekana kwa macho, na humo ndimo gesi na chumvi zinamoyeyuka na kupata njia ya kuishambulia metali. Watunzaji wa makumbusho hupenda shaba na metali nyingine zinazoshambuliwa kirahisi zikae kwenye hewa yenye unyevu usiozidi asilimia 40 hivi. Mwambao wetu mara nyingi huwa na zaidi ya asilimia 70, na wakati wa masika hupita hapo kwa mbali. Kwa hiyo ushauri ulioandikwa kwa ajili ya mkusanyaji wa Arizona au Madrid, ambako hewa ni kavu, haumtoshi mtu wa Tanga. Yeye ana kazi ya ziada ya kuukausha ulimwengu mdogo ambamo sarafu yake inakaa.

Shaba ina tabia nyingine. Pesa ya Sultani Barghash yenye mwaka 1299 wa Hijria, sawa na 1881 au 1882, ilitoka kiwandani ikiwa nyekundu. Hewani hugeuka kahawia polepole, na tabaka hilo la kahawia, likiwa laini na limeshikamana vizuri, kwa kweli huikinga shaba iliyo chini. Hatari huja na chumvi. Upepo wa bahari na jasho la vidole hubeba kloridi, na kloridi ikishaingia ndani ya shaba huanzisha mzunguko ambao wahifadhi huuita ugonjwa wa shaba: kloridi ya shaba ikipata unyevu na oksijeni huzalisha asidi, asidi hiyo hula shaba nyingine na kuzalisha tena kloridi ya shaba, na mambo huendelea hivyo hadi maandishi ya sarafu yawe vumbi. Dalili yake ni unga wa kijani mpauko unaojitokeza kwa vidoto, na ukifutwa unarudi. Huo si ukongwe wenye heshima. Ni uharibifu unaoendelea wakati huu, na dawa yake ya kwanza ni ukavu, kwa sababu bila unyevu mzunguko unasimama.

Yeyote anayedai kuwa ni miaka tu inayofubaza sarafu na atazame shilingi za Afrika Mashariki. Zilizotolewa kuanzia 1921 hadi 1946 zilikuwa na fedha robo tu, sehemu kubwa ya iliyobaki ikiwa shaba, na mchanganyiko huo hufubaa kwa urahisi kwa sababu unabeba udhaifu wa metali zote mbili. Zilizotolewa kuanzia 1948 zilikuwa za shaba na nikeli, mchanganyiko mkaidi usiobadilika sana. Ukizikuta za 1946 na 1948 kwenye kopo moja, zimeachana miaka miwili tu, lakini moja inaweza kuwa imeingia weusi huku mwenzake akiwa amepoteza mng'ao tu. Senti moja ya alumini iliyopigwa 1907 kwa ajili ya Afrika Mashariki na Uganda inasimulia jambo lilelile. Alumini haikufaa kwa hali ya hewa ya tropiki, na kufikia 1909 senti hiyo ilikuwa inapigwa kwa shaba na nikeli. Kinachoamua ni metali yenyewe na kile inachokutana nacho.

Na hapa ndipo penye jambo zito kuliko yote, ambalo wapenzi wengi wa sarafu hulijua wakiwa wameshachelewa: mara nyingi kinachoiharibu sarafu ni kile kilichonunuliwa ili kuilinda. Mfano mkubwa ni vifuko na kurasa za albamu za plastiki laini ya PVC. PVC yenyewe ni ngumu, kama bomba la maji tunalolijua. Ili iwe laini na ya kukunjika, kiwanda huichanganya na vilainishi vya mafutamafuta. Miaka inavyopita, na hasa kwenye joto, vilainishi hivyo hutoka nje na kukaa juu ya sarafu, na plastiki yenyewe ikianza kuvunjika hutoa asidi ya haidrokloriki. Matokeo ni ute wa kijani unaonata ambao hula uso wa fedha na shaba na kuacha mashimo yasiyozibika. Kifuko cha namna hiyo ni kiangavu na cha bei nafuu, na kinaifanya sarafu ipendeze siku ya kwanza. Kinanuka plastiki mpya, kinakunjika bila kutoa sauti, kinagandana na mwenzake. Anayetaka uhakika anaweza kupasha moto ncha ya waya wa shaba, akagusisha kipande kidogo cha plastiki hiyo, kisha akarudisha waya kwenye mwali: mwali ukigeuka kijani kibichi, kuna klorini ndani. Jaribio hilo lifanyike nje, kwa kipande kidogo tu, na moshi wake usivutwe.

PVC haiko peke yake. Bahasha za kaki na makaratasi ya bei ya chini huwa na salfa na asidi. Kitambaa cha sufu kina salfa kwa asili yake. Mpira wa kufungia noti hutengenezwa kwa salfa pia, na ukizungushwa kwenye kifurushi cha sarafu za fedha huacha mstari mweusi mahali ulipogusa. Mbao nazo hupumua asidi, nyingine zaidi na nyingine kidogo. Mwaloni ni mbaya sana, na ndiyo sababu mafundi wa Ulaya waliotengeneza makabati ya sarafu walipendelea mahogani. Mbao za kubandikwa kwa gundi, zinazotumika sasa kwenye samani nyingi, ni mbaya kuliko zote. Kasha zuri la mvule lenye njumu za shaba lina thamani yake, lakini lihifadhi nguo. Hata sefu isiyoshika moto, ambayo mtu angeiamini kuliko vyote, huwa na kizio kilichobeba maji ili kipoze joto la moto, na maji hayo hutoka polepole na kujaza unyevu ndani yake. Imemzuia mwizi, ikamkaribisha adui mwingine.

Makumbusho yenyewe yalilazimika kujifunza jambo hili. Mwaka 1973 mwanakemia Andrew Oddy wa British Museum alieleza jaribio ambalo hadi leo linabeba jina lake. Kitambaa, rangi au ubao unaotaka kutumiwa kwenye kabati la maonyesho hufungiwa kwenye chupa pamoja na vipande safi vya fedha, shaba na risasi na maji kidogo, kisha huwekwa kwenye joto la nyuzi 60 kwa siku 28. Vipande vikibaki safi, kitu hicho kinaruhusiwa. Vikibadilika rangi, kinakataliwa. Ninalitaja jaribio hili kwa sababu linathibitisha hoja yenyewe: kama umri ndio ungekuwa na lawama, siku 28 zisingeonyesha chochote. Namna yake nyepesi inawezekana nyumbani kabisa. Chukua sarafu ya fedha iliyochakaa isiyo na thamani ya ukusanyaji, isafishe, ifungie kwenye chupa ya kioo pamoja na kipande cha kifuko unachokishuku na pamba yenye unyevu kidogo, na katika chupa nyingine weka sarafu kama hiyo bila kifuko. Zitazame baada ya mwezi. Haina uzito wa maabara, lakini kifuko kibaya sana kitajitaja.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni kujisumbua, kwa kuwa ufubavu unaondoka. Pwani kila mama anajua kwamba ukwaju, ndimu au majivu hurudisha mng'ao wa sinia la shaba. Ni kweli, na kwa sinia ni sawa. Kwa sarafu ya kukusanya ni hasara isiyorudi. Ule mng'ao wa sarafu mpya, unaozunguka kama gurudumu ukiigeuzageuza kwenye mwanga, hutokana na mistari midogo sana ambayo metali huifanya inapotiririka chini ya shinikizo la muhuri. Majivu na dawa ya meno huikwaruza mistari hiyo. Asidi ya ndimu na ya ukwaju, na hata zile dawa za kuchovya zinazouzwa kwa kazi hii, huondoa utando pamoja na tabaka jembamba la metali yenyewe; baada ya michovyo kadhaa sarafu huwa nyeupe iliyokufa. Njia ya karatasi ya alumini, magadi na maji ya moto ni ya werevu zaidi, kwani huirudisha salfaidi kuwa fedha, lakini fedha inayorudi haikai kama ilivyokuwa, na uso hubaki na ukungu. Kampuni za Marekani za kupima daraja la sarafu, PCGS iliyoanza 1986 na NGC iliyoanza 1987, huiandika sarafu iliyosuguliwa kuwa imesafishwa na kuinyima daraja la kawaida, na wanunuzi hushusha bei mara moja. Rupia ya 1890 yenye weusi wake wote ina thamani kuliko ileile iliyong'arishwa kwa majivu.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, na halifai kupuuzwa: kuna ufubavu mzuri, na kuna watu wanaoulipia. Dola za fedha za Morgan, zilizopigwa Marekani kati ya 1878 na 1904 na tena 1921, zilikaa miongo mingi ndani ya magunia ya turubai kwenye hazina za serikali. Zile zilizoegemea kitambaa zilipata rangi za upinde wa mvua kutokana na salfa iliyokuwamo, na leo baadhi yake huuzwa kwa bei inayozidi mno za wenzake weupe. Je, si afadhali basi kuiacha sarafu ipate rangi? Jibu langu ni kwamba anayeiona dola moja yenye upinde wa mvua haoni maelfu ya nyingine zilizotoka kwenye magunia hayohayo zikiwa na mabaka ya kijivu na kahawia. Tena rangi hizo ni hatua ya njiani, hazijasimama. Utando ule ukiendelea kunenepa, upinde wa mvua huishia weusini. Kwa hiyo hata anayependa rangi anahitaji hifadhi nzuri, pengine kuliko mwingine yeyote, kwa sababu ana jambo la kuligandisha lilipo. Kuhifadhi si kuchukia rangi ya zamani. Ni kuiambia isimame. Ama wale wanaooka sarafu au kuzifukiza kwa salfa ili kughushi rangi hizo, hao wanaharibu kitu cha kweli ili kuuza cha uongo.

Wengine huuliza: kama hewa na unyevu ni hatari hivyo, mbona sarafu za Kilwa zilikaa ardhini karne nyingi na zimesomeka? Mbona Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2000? Sarafu iliyozikwa hufikia mapatano na udongo wake: oksijeni ni kidogo, mabadiliko ni machache, na uharibifu hupungua kasi. Hatari kubwa huanza siku inapotolewa, kwa maana kloridi zilizojificha ndani ya shaba hukutana ghafla na hewa tele. Isitoshe, tunahesabu zilizosalia tu. Vipande vingi vya shaba vya Kilwa vimeliwa kiasi cha kutosomeka kabisa. Na kwa kuwa nimefika Kilwa, niseme wazi: sarafu inayookotwa kwenye magofu si mali ya aliyeiokota. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, na sarafu iliyong'olewa pale ilipolala hupoteza habari ambayo hakuna sanduku litakaloirudisha.

Linabaki suala la gharama, ambalo kwa msomaji wa kawaida ndilo la kwanza. Vifaa vya kitaalamu huagizwa nje na ni ghali. Lakini kemia haiangalii nembo ya muuzaji. Tazama chini ya vyombo vya plastiki vya nyumbani: kwenye pembetatu ya mishale huwa na namba. Namba 1 ni plastiki ya chupa za maji, 2 na 4 ni polithini, 5 ni polipropilini. Zote hizi ni tulivu mbele ya metali. Namba 3 ni PVC, na hiyo iepukwe. Kopo la chakula la namba 5 lenye kifuniko cha kubana, jipya na lisilowahi kuwekwa kitunguu wala yai, ni nyumba bora kwa sarafu kuliko albamu nyingi za kupendeza. Kila sarafu iwe ndani ya kifuko chake cha polithini safi ili zisisuguane. Ndani ya kopo ziwekwe punje za jeli ya silika, zilezile zinazokuja kwenye visanduku vya viatu na makopo ya dawa, zikiwa nyingi na siyo kipakiti kimoja cha kujifariji. Punje hizo hushiba. Zile zinazobadilika rangi hukuambia zimeshiba, na hurudi kazini zikipashwa joto la nyuzi 120 hivi kwa saa kadhaa nje ya vipakiti vyake. Jua peke yake halitoshi. Mchele haufai, kwani hufyonza kidogo na huleta unga na wadudu. Kipima unyevu kidogo cha bei ya chini kikiwekwa ndani kitakuambia ukweli kuliko kubahatisha. Kopo likae kabatini, mbali na jiko, bafu na ukuta unaopigwa na mvua, na lisifunguliwe kila jioni, kwa sababu kila kulifungua ni kulijaza hewa mpya ya pwani.

Kushika kuna masharti machache. Osha mikono, ikaushe, shika sarafu kwa ukingo juu ya kitambaa laini, na usizungumze ukiwa umeiinamia, maana chembe za mate huacha madoa yanayojitokeza miezi baadaye. Alama ya kidole nayo haionekani leo. Asidi na chumvi yake huichora polepole hadi siku moja ikajitokeza ikiwa kahawia juu ya uso wa Maria Theresa, na hapo haitoki. Sarafu ambayo tayari ina ute wa kijani unaonata itengwe na wenzake mara moja, kisha ichovywe kwenye asetoni halisi, si ile ya kufutia rangi ya kucha iliyotiwa manukato, ndani ya chombo cha kioo, kwenye hewa ya kutosha na mbali na moto wowote, bila kusuguliwa, na iachwe ikauke yenyewe. Asetoni huyeyusha mafuta ya plastiki na haiigusi metali. Hiyo ndiyo karibu kazi pekee ya usafi ambayo mtu asiye mtaalamu anaruhusiwa. Yenye unga mpauko unaorudi iwekwe pakavu kabisa, peke yake, na ipelekwe kwa mhifadhi wa makumbusho kabla haijaguswa na ndimu. Zilizobaki ziacheni na rangi zake, na vile vifuko laini vinavyonuka plastiki vitoeni kabatini wiki hii, kabla masika hayajaingia.